Bomba la Agalabiri

Agalabiri,
11 Februari 2002

Mdogo wangu Inatimi,

Pokea salamu zetu wewe, Tokoni na watoto. Sisi huku wazima. Baba anakusalimu sana, anasema acha kumletea dawa ya meno, mletee meno yenyewe. Ziboere amejifungua mtoto wa kike, mkubwa kama wa miezi mitatu, analia mpaka ng'ambo ya mto wanasikia. Mchungaji mpya amewasili. Mahubiri yake ni marefu, Jumapili mbili mfululizo chakula kimeniungulia jikoni.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Juma lililopita tulikwenda kuvua bwawa la bibi. Si unajua tunavyoliacha mwaka mzima bila mtu kutia hata kidole, ili siku ya kuvua ukoo wote ule na kuuza. Tulikwenda tukiimba, na makapu yetu kichwani. Harufu ikatupokea kabla hatujayaona maji. Inatimi, bwawa zima limefunikwa na mafuta, meusi, mazito, na samaki wamegeuza matumbo juu. Wengine walikuwa bado hai, wanafumbua na kufumba midomo. Bibi Amasigha aliingia mpaka kiunoni awaokoe kwa kapu. Ametoka na vipele miguu yote, na mpaka leo anajikuna.

Bomba linalopita nyuma ya mikoko limepasuka. Watu wa kampuni walikuja na boti. Mkubwa wao hakushuka. Alitazama akiwa amekaa, kiatu chake hakikugusa tope, akasema, "Hii ni kazi ya wezi wenu. Bomba limekatwa." Nikamuuliza, "Umeliona wapi, mzee, nalo liko chini ya maji?" Akamwambia dereva awashe injini.

Wewe ndiye mtoto wa mji huu uliye ndani ya kampuni. Vali za bomba hilo unazifunga na kuzifungua wewe. Nijibu jambo moja tu: limekatwa au limeoza?

Dada yako,
Oyinmiebi


Port Harcourt,
9 Machi 2002

Dada Oyinmiebi,

Salamu kwako na kwa Baba, na hongera kwa Ziboere. Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa mjini petroli imeadimika tena, watu wanalala kwenye magari wakisubiri foleni ya kituo isogee, na boti za abiria haziondoki. Barua yako yenyewe ilinifikia imelowa.

Sisi tunaendelea vizuri. Watoto wamepanda madarasa. Tokoni ameanza kufundisha kwenye shule ya humu kambi ya kampuni. Nyumba wametupakia rangi upya, na sasa maji ya moto yanatoka bombani usiku na mchana. Mvua imewahi mwaka huu, sijui huko kwenu.

Habari ya bwawa imenihuzunisha mno. Nimemnunulia Bibi Amasigha dawa ya kupaka, ipo ndani ya mfuko pamoja na miwani ya Baba. Nawasihi muwe na subira. Mambo kama haya yana utaratibu wake. Kampuni itatuma wataalamu, wataandika ripoti, na kila mwenye haki atatazamwa. Tafadhali msiwape vijana nafasi ya kufanya fujo, maana serikali siku hizi haina mzaha na mambo ya mafuta.

Mwambie Baba nitakuja Pasaka nikipata ruhusa.

Nduguyo,
Inatimi


Agalabiri,
22 Machi 2002

Inatimi,

Salamu. Mvua huku pia imewahi, nakujibu kwa kuwa uliuliza. Mimi niliuliza jambo moja na sikuliona kwenye barua yako, ingawa nimeisoma mpaka kwenye rangi ya nyumba na maji ya moto. Huenda ukurasa mwingine ulianguka mtoni.

Mtoto wa Ziboere anaitwa Ebimiere. Ana kikohozi, na si yeye peke yake. Mwali wa gesi hapo kituo cha mafuta cha kampuni unawaka mchana na usiku kama ulivyouacha, na sasa masizi yanaanguka mpaka kwenye maji ya mvua. Unaweka pipa chini ya paa, unakinga wino. Mafuta ya taa hakuna, tunapikia kuni mbichi. Hebu niambie, mtu wa kampuni, inakuwaje mafuta ya dunia nzima yapite chini ya nyumba yangu halafu mimi nikose ya kuwashia taa?

Wataalamu wako wamekuja. Walileta mchele. Walimwita Chifu Okubo pembeni, wakamwonyesha magunia, Chifu akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Walitaka tu akubali mbele ya watu kwamba mambo yamekwisha. Tulipopata habari tulikwenda nyumbani kwake wanawake wote. Akatuambia, "Jamani, mnataka nini zaidi? Huu ni mchele wa ng'ambo!" Bibi Amasigha akamwambia, "Okubo, nilikukata kitovu kwa mikono hii. Usinilazimishe nijutie."

Tukayapakia magunia kwenye mitumbwi, tukapiga makasia mpaka kituoni, tukayapanga juu ya gati lao. Hata punje hatukula. Tulitaka sana kula, nikwambie ukweli, maana samaki hakuna na soko langu limekufa. Ila tulirudisha.

Nauliza tena. Limekatwa au limeoza?

Oyinmiebi


Port Harcourt,
14 Aprili 2002

Dada,

Nakusalimu kwa heshima ya ukubwa wako, na nitasema nawe kama mtu mzima kwa mtu mzima.

Sikuja Pasaka kwa sababu sikupewa ruhusa. Na sikupewa ruhusa kwa sababu yako. Meneja aliniita ofisini. "Inatimi," akasema, "yule mwanamke anayeturudishia mchele kama anarudisha mahari, ni kweli ni dada yako?" Wakubwa wengine wakacheka. Nilitamani sakafu ipasuke.

Dada, wewe unaliona bwawa. Mimi huku naona mambo mengine. Mshahara wa mwalimu wa Agalabiri, wa polisi, wa daktari, hata wa waziri, yote inatoka kwenye mafuta haya. Barabara za Abuja ni mafuta. Serikali ikitaka kununua ngano, inauza mafuta. Nchi hii imeacha kulima karanga na kakao, sasa inakula kwenye bomba. Ukilifunga bomba umeifunga nchi, na hakuna serikali itakayokaa kimya ikitazama. Mwanzoni mwa mwaka watu walipigwa risasi kijiji cha jirani, wewe unajua. Mji mzima ulichanga nikasoma ufundi. Mnataka sasa nirudi kuvua kwa nyavu?

Na jambo jingine. Katika barua yako ya mwisho hukuandika habari za Baba, hata neno moja. Miwani imemfaa? Kwa nini hajatuma maneno yake, yeye ambaye hukusumbua uandike kila utani wake? Anaumwa? Usinifiche.

Inatimi


Kituoni,
6 Mei 2002

Inatimi,

Salamu kutoka kwenye gati la kampuni. Naandika nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda zao. Ziboere ananyonyesha hapa pembeni yangu na anakusalimu.

Tumeingia kituoni. Tulikuja asubuhi kweupe, mitumbwi yote ya mji, wanawake watupu. Vijana tuliwakataza, ili asitokee mtu wa kusema tumekuja na bunduki. Walinzi walipotuona walidhani tumeleta samaki wa kuuza. Tukapanda ngazi, tukawasalimia, tukakaa mbele ya milango, mbele ya mitambo, na pale helikopta inapotua. Nikamwambia msimamizi, "Zima mashine zako polepole, mwanangu, zisikuharibikie. Hatuna ugomvi nawe, lakini hakuna mafuta yatakayotoka hapa mpaka bomba lichimbuliwe mbele ya macho yetu."

"Mama, nitafukuzwa kazi!"

"Sisi tumeshafukuzwa yetu."

Akazima. Ni kijana wa Enugu, ana adabu. Sasa tunapika wote. Jana wafanyakazi walikula eba yetu ya muhogo na supu yao ya makopo, wakasema mkono wa Ziboere ni mzito kwenye pilipili.

Wanajeshi wamekuja mara moja. Ofisa wao alitupigia kelele tuondoke, akaamuru askari wapande ngazi. Bibi Amasigha akasimama, akashika fundo la kitambaa chake kiunoni. "Mwanangu," akasema, "mguu wako ukikanyaga gati hili, mimi na wenzangu tutavua nguo zote, utuone tulivyozaliwa. Kwenu hamjui kwamba hiyo ni laana? Muulize mwenzako huyo, ana sura ya Kiijaw kama sisi." Yule mwenzake alikuwa ameshageuza uso, anatazama mto. Wakarudi nyuma wote, ofisa akiwa wa mwisho. Inatimi, niliogopa, lakini sikuinuka.

Umeniambia nchi inakula kwenye bomba. Vizuri. Mwenye sufuria anauliza kwa nini yeye anapewa moshi. Kama kulifunga bomba letu ni kuifunga nchi, basi nchi ije ituombe vizuri. Hatujawahi kuwa wakubwa hivi.

Unachouliza kuhusu Baba, nitakujibu siku utakayonijibu mimi.

Oyinmiebi


Agalabiri,
28 Mei 2002

Inatimi,

Kwa hiyo ulikuja.

Sikutegemea. Nilisikia boti, nikaona kofia nyeupe ya kampuni, na chini ya kofia nikaona masikio ya ukoo wetu. Ukasimama kwenye boti na kipaza sauti, ukasoma karatasi: "Wapendwa wanajamii wa eneo husika." Eneo husika! Umezaliwa nyumba ya tatu kutoka mtoni. Tuliimba ili tusikusikie, lakini nilisikia kila neno, na niliona hukunitazama hata mara moja. Karatasi ilipokwisha uliendelea kuishika juu kama bado unasoma. Kisha ukaondoka.

Sasa nikupe usiyoyaona. Boti yako ilipopinda kona, wanawake wengine walianza kulia. "Kama mtoto wetu mwenyewe yuko upande wao, tunangoja nini?" Wakafunga vitu vyao. Nikawaambia, "Aliyekuja ni karatasi. Mtoto wetu bado hajafika." Sijui nilipata wapi maneno hayo, sikuyaamini mwenyewe. Lakini walifungua mizigo.

Siku chache baadaye Meneja akakubali. Kila siku mashine zikilala, huko juu walikuwa wanampigia simu wakimtukana, kijana wa Enugu alimsikia. Wakaleta tishari la kuchimbia na wapiga mbizi, nasi tukaenda na mitumbwi kusimamia. Mji mzima ulisimama kwenye tope, hata Chifu Okubo alikuja, amejificha nyuma ya mke wake. Wakalikata bomba pande mbili, wakalinyanyua kwa winchi. Lilipotoka majini wote tukasogea karibu. Halikuwa na alama ya msumeno. Lilikuwa limeliwa na kutu. Bibi Amasigha alilisukuma kwa kidole, kidole kikaingia ndani.

Meneja akaamuru lipakiwe haraka, "likapimwe maabara." Tukalikalia. Mimi kwanza, kisha Ziboere na mtoto mgongoni, kisha wengine, mpaka bomba halikuonekana. Mtu wa winchi akauliza, "Bosi, niwanyanyue nao?" Kila mtu akacheka, hata wao, Meneja tu ndiye hakucheka. Sasa limelala kanisani mbele ya madhabahu. Mchungaji analalamika linanuka, lakini amefupisha mahubiri, tunashukuru.

Kwa hiyo jibu nimeshalipata mwenyewe, kwa makalio yangu. Huna tena la kuniambia, nami nakupa lako bila deni.

Baba haumwi. Barua yako ya kwanza ilipofika nilimsomea, nilipomaliza akaniambia nisome tena sehemu ya jibu. Nikamwambia haipo. Akavua miwani uliyomletea, akaiweka juu ya kabati. "Ukimwandikia, usiweke salamu zangu," akasema. "Mtoto aliyeulizwa swali na mkubwa wake akajibu habari za mvua, huyo simfahamu." Nilimsihi. Nikafikiria hata kuzitunga mwenyewe. Nikashindwa.

Tume ya serikali itakaa huko Port Harcourt mwezi ujao. Kampuni bado inasema ni wezi.

Oyinmiebi


Diobu, Port Harcourt,
30 Juni 2002

Dada yangu Oyinmiebi,

Naomba kwanza unipelekee salamu kwa Baba. Asipozipokea, ziache hapo mlangoni.

Utaona anwani imebadilika. Tuko chumba kimoja Diobu, mtaa wenye kelele, jirani yetu anatengeneza jenereta. Watoto wanafurahia kelele. Tokoni hajambo.

Siku ya tume, wakili wa kampuni alinikamata kwenye korido. Akanitengeneza tai kama ananivisha kwa ajili ya harusi. "Ukiulizwa, sema bomba lilibadilishwa mwaka tisini na saba," akasema.

"Halikubadilishwa."

"Nimekuuliza historia? Nimekuambia useme."

"Na lile lililoko kanisani?"

"Lile ni chuma chakavu. Nani atajua limetoka wapi? Wewe ndiye fundi. Wewe ndiye mtoto wa pale. Ukisema wewe, yamekwisha." Kisha akatabasamu, akaniambia kuna nafasi ya usimamizi kule Lagos.

Dada, ndipo nilipoelewa kazi yangu. Miaka yote nilidhani wananilipa kwa ufundi.

Nikaitwa. Ukumbi umejaa, Meneja mstari wa mbele. Mwenyekiti wa tume akaniuliza kama bomba lilikuwa jipya. Nikasema, "Mheshimiwa, bomba hilo lililazwa mwaka aliozaliwa dada yangu mkubwa. Dada yangu ana mvi." Watu wakaangua kicheko. Nikaendelea kabla hawajanizuia. Nikasema kila mwaka mafundi tunaomba libadilishwe, kila mwaka tunaambiwa bajeti imekwisha, na kila mwaka tunaongezewa shinikizo la mafuta ndani yake. Wakili akasimama akipiga kelele kwamba mimi si shahidi wao tena. Nikamwambia, "Hilo ni kweli."

Niliporudi, beji yangu ilikuwa imeshafungwa, geti la kambi halikunitambua. Nilimkuta Tokoni nje ya kambi amekalia sanduku, watoto wamepanga masufuria kando ya barabara. Nilianza kumweleza, nikimwomba radhi kwa nyumba. Akaniambia, "Nyumba ilikuwa yao, waache walale. Sasa tafuta gari kabla mvua haijanyesha."

Nimekuwa nikikaa kimya kwako kwa sababu nilijua jibu kabla hujauliza. Sitakuomba radhi kwa barua, nitakuja. Kuna mtu analipeleleza lango letu hapa, na jana waliniachia ujumbe kwa fundi jenereta kwamba nifunge mdomo. Nimemwambia fundi awajibu kwamba ndiyo kwanza nimeufungua. Tume imetupa idhini ya kwenda mahakamani. Tafuteni wakili, nitasema tena yale yale, na mengine ambayo sikupata nafasi ya kuyasema.

Nduguyo,
Inatimi


Agalabiri,
19 Julai 2002

Mdogo wangu,

Uzima upo, na nyumba hii ina kelele kama zenu za Diobu, maana barua yako nimeisomea watu wengi mpaka karatasi imelainika. Walikuja mpaka kutoka ng'ambo ya mto. Wanataka kusikia pale kwenye mvi. Nawaambia mvi zangu ni tatu tu, hakuna anayeamini. Salamu zako Baba amezipokea, na miwani ameivaa tena.

Usidhani mambo yamenyooka. Mafuta bado yapo bwawani. Kampuni imeleta vibarua wachache wenye ndoo na majembe, wanakwangua tope la juu na kulifukia pale pale. Tumewanyang'anya majembe. Kituo bado kimezimwa, tunapokezana zamu kwenye gati, na mwali wa gesi umekufa kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Watoto wanaogopa giza, hawajawahi kuliona. Tunaona nyota, Inatimi. Chifu Okubo anasema nyota haziliwi. Ni kweli, haziliwi, lakini Ebimiere hakohoi.

Jana tulikwenda mahakamani Yenagoa, boti nne. Wakili tuliyempata ni binti mdogo, suti imemzidi mabega, lakini anatukana vizuri kwa lugha ya sheria. Karani akachukua makaratasi, akatuuliza bila kuinua macho, "Mlalamikaji ni nani?"

"Sisi."

"Jina moja, mama. Kesi inafunguliwa kwa jina la mtu mmoja, wengine mtakuwa nyuma yake. Ndivyo inavyokuwa rahisi."

Wenzangu wakanigeukia mimi. Ziboere akaanza kunitaja. Nikamzuia.

"Andika wote," nikamwambia karani.

"Wote? Mpo mji mzima! Kwa nini?"

"Mmoja mtamnunua," nikasema. "Akikataa kununuliwa mtamtisha, na akikataa kutishwa mtamzika. Chukua kalamu, mwanangu. Anza na huyu bibi hapa. Anaitwa Amasigha."

Akatutazama sasa. Akatazama mstari ulivyotoka mlangoni, ukashuka ngazi, ukapita uani mpaka barabarani. Akakunja mikono ya shati, akaanza kuandika.

Dada yako,
Oyinmiebi